Pengo la Nether Pelling

Tulimwacha Agostinho jukwaani wiki iliyopita na kipaza sauti mkononi, na hapo ndipo alipo mpaka sasa, mdomo wazi, huku yule mama mzee wa Kizungu akiwa amesimama katikati ya ukumbi akisubiri. Swali lake lilikuwa fupi. Hilo pengo, bwana, umewaambia watu hawa lilitoka wapi?

Wewe ambaye gazeti la wiki iliyopita ulifungia vitumbua kabla ya kulisoma, sogea nikukumbushe.

Tuko Toronto, mtaa wa Parkdale, kwenye ukumbi mdogo wa parokia, Jumapili ya nne ya Kwaresima, mwaka 2006. Agostinho ni Mgoa, mgane, karani mstaafu na mwenyekiti wa kamati ya ukumbi. Waasia walipofukuzwa Uganda mwaka 1972, yeye na mke wake Adelina na binti yao Zelia, wakati huo mtoto wa kubebwa, walitua Uingereza, wakawekwa katika kambi ya zamani ya jeshi, halafu wakapata kibanda katika kijiji cha jirani kiitwacho Nether Pelling. Uingereza kwa jumla alikaa mwaka mmoja na kidogo. Kisha akaja Kanada, na tangu siku hiyo hajazungumza jambo jingine.

Tuseme ukweli kuhusu Nether Pelling. Ni kanisa moja, baa moja, na ng'ombe wengi kuliko watu. Historia yake yote ni kwamba mfalme mmoja alipotea njia akiwinda, akapita pale, farasi wake akanywa maji kisimani, akaondoka bila hata kuuliza kijiji kinaitwaje. Kisima hicho wamekizungushia uzio mpaka leo. Agostinho huisimulia safari ya farasi huyo kila mwaka kwa machozi, utadhani aliyeshika hatamu alikuwa babu yake, ambaye sote tunajua alikuwa akishona suruali Goa.

Katika jengo analoishi, ghorofa ya tisa, ambako mende wana uhuru kuliko wapangaji, huwanunia Wakenya na Wakongo ndani ya lifti na kuwaambia kwamba sisi watu wa Nether Pelling hatupigi kelele.

Na hao wageni wa sherehe yake ya Nether Pelling je? Ni Wagoa wenzake wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, na marafiki wachache wa Kiismailia. Wanamcheka ndani ya gari wakirudi nyumbani. Lakini kila Machi wanakuja, kwa sababu funguo za ukumbi anazo yeye, na kila mmoja ana harusi au ubatizo mbele yake. Wanatafuna skonzi kavu kwa adabu, na sambusa wameziacha kwenye buti, maana mwenyekiti amezipiga marufuku siku hiyo.

Yupo mmoja tu ambaye hajawahi kumcheka, naye ni Zelia. Zelia ni mwalimu wa shule ya msingi, umri wake unakaribia miaka thelathini na tano, na kumbukumbu ya mama yake hana hata moja. Alichonacho ni alichoambiwa na baba: kwamba Adelina alikufa kwa kifua huko Nether Pelling, kwamba kijiji kizima kilimzika, kwamba amelala karibu na mlango wa kusini wa kanisa, na kwamba kaburi bado halina jiwe. Basi mwaka huu amenunua tiketi. Pasaka hii anataka kwenda kumwekea mama yake jiwe.

Ndiyo maana alipiga simu kanisani kule kuuliza. Aliyepokea ni mtunzaji wa kanisa, Bi Winifred Pask. Alipolisikia jina la Adelina alimwomba Zelia alirudie mara mbili. Kisha akasema mambo ya kaburi hilo si ya simu, yeye atakuja Toronto mwezi Machi, wataonana. Zelia kwa furaha akamkaribisha kwenye sherehe, akaifanya siri, ili iwe zawadi kwa baba yake.

Zawadi yenyewe mmeiona.

Sasa rudi nami jukwaani. Agostinho alikohoa, akacheka kidogo, akasema mgeni wetu amechoka na ndege, jamani, mpeni chai. Halafu akapiga makofi na kuwaamuru watu wote watoke nje kwa ajili ya duara. Alidhani anakimbia.

"Nje ndiko vizuri zaidi," alisema Bi Pask, akachukua fimbo yake, akatangulia.

Hili duara lazima nikueleze, maana mambo yote ya leo yako humo. Nether Pelling, kila Jumapili ya nne ya Kwaresima, ambayo wao huiita Jumapili ya Mama, wanakijiji hutoka nje ya kanisa, hushikana mikono na kulizunguka jengo lote, nyuso zikiangalia ukuta, wakaimba. Wanasema wanalikumbatia kanisa. Ni mila ya Waanglikana wa huko. Agostinho, Mkatoliki wa kubatizwa na kipaimara, ameileta Parkdale na kuwasimamisha Wakatoliki wenzake kwenye theluji chafu ya Machi, wakaukumbatia ukumbi wa matofali ambao ndani yake hukodiwa meza za karamu.

Nao humtii. Ila kuna sharti moja. Upande wa kaskazini, palipo na mapipa ya taka, lazima duara liwe na pengo la mtu mmoja. Agostinho mwenyewe husimama ukingo mmoja wa pengo, Zelia ukingo wa pili, na mikono yao ya karibu haigusani. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia shetani ni lazima aachiwe njia ya kutokea, na kwamba ndivyo walivyofanya watu wa Nether Pelling kwa miaka mia sita. Mwaka juzi Minaz, rafiki wa Zelia, aliona baridi imemzidi, akataka kuliziba lile pengo ili mambo yaishe haraka. Alifokewa mbele za watu kama mtoto. Na ukumbi wa posa ya binamu yake ukawa hauna nafasi mwaka mzima.

Basi wakatoka. Ng'ambo ya barabara lilikuwa limeegeshwa gari la kijivu, injini inanguruma, dereva wa kike usukani na mtu mwingine kiti cha nyuma. Ndilo lililomleta Bi Pask kutoka Dixon Road. Zelia alikuwa ameshangaa kidogo aliposikia mgeni wake amefikia kule, kwenye yale maghorofa ya karibu na uwanja wa ndege yaliyojaa watu wetu wa Afrika Mashariki. Alimwahidi hoteli, akakataa. Alitaka kumfuata kwa gari, akakataa pia. Nimefikia kwa mpwa wa rafiki yangu, alimwambia, nao watanileta.

Watu wakashikana mikono. Kushoto kwa Agostinho alisimama Mervyn, mtunza hazina, mtu ambaye hajawahi kusema hapana tangu ahamie nchi hii. Kulia kwa Zelia alisimama Bi Pask. Katikati ya baba na binti, pengo.

Agostinho akaanzisha wimbo. Aliimba peke yake ubeti mzima, maana watu wote walikuwa wakimtazama yule mama.

"Dadi, ngoja," alisema Zelia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwani Kiswahili anakielewa chote ila ulimi umeshazoea kule. "Mimi nataka kusikia. Bi Pask, kwani kwenu pengo liko upande gani?"

Bi Pask alisema kwao hakuna pengo. Aliyasema hayo bila hasira, kama mtu anayeeleza njia ya posta. Alisema Nether Pelling pengo ni aibu. Baada ya vita, vijana walipokuwa wamekufa na mikono haitoshi kulizunguka kanisa, watu walifunga skafu kwa skafu, wakateremsha na kamba za kengele, kila mtu akashika ncha, ili mradi duara lifunge. Hadithi ya shetani hakuwahi kuisikia hata siku moja. Pengo aliliona mwaka mmoja tu maishani mwake.

Mwaka gani, aliuliza Minaz kutoka kwenye kona ya ukumbi.

Mwaka 1973.

Minong'ono ikapita duara zima. Miaka yote hiyo walikuwa wakigandishwa vidole kwa ajili ya mila isiyokuwepo. Mervyn alimtazama mwenyekiti wake, akasubiri aambiwe cha kufikiri.

Na hapa ndipo nilipomwona Agostinho alivyo fundi. Ungemdhania ameanguka. Kumbe mtu huyu hawezi kuanguka bila kuangukia mto. Aliinamisha kichwa, mabega yakatetemeka, na alipouinua uso machozi yalikuwa tayari.

Alikiri. Ndiyo, alisema, hakuna mila ya pengo. Aliitunga yeye, kwa sababu ukweli ulikuwa unauma mno. Mwaka ule yeye na mke wake walikwenda kusimama kwenye duara la kanisa, wageni, wakimbizi, wamevaa makoti ya kupewa. Adelina alikuwa mtoto wa Mgoa na mama Mwafrika wa Tanga, na rangi yake ilikuwa ya kwao mama. Wale Wazungu wakakataa kumshika mkono. Wakaacha pengo. Na yeye, Agostinho, aliamua kulilinda pengo hilo kila mwaka kwa heshima ya mke wake, bila kumwambia mtu, asije akaonekana ana kinyongo.

Ilikuwa nzuri sana. Ilikuwa nzuri mpaka akina mama watatu wakaanza kulia, na Mervyn, ambaye sasa alijua cha kufikiri, akamgeukia Bi Pask na kumwambia watu wa kijiji chake hawana haya. Sauti zikamuunga mkono. Watu wale wale waliokuwa wakimcheka Agostinho kwenye gari walimpenda ghafla. Zelia alikuwa akilia kuliko wote, akanyoosha mkono wake wa kushoto upite kwenye pengo umfikie baba yake.

Agostinho hakuushika. Hakuuona, au alijifanya haoni.

Bi Pask aliwaacha watu wamalize. Halafu alisema ni kweli, wapo waliokunja mikono siku ile. Mama yake mzazi alikuwa mmoja wao, na yeye hatawatetea, walikuwa watu wadogo katika kijiji kidogo na wengi wao wamekufa hivyo hivyo.

"Lakini mimi nilimshika," alisema. "Mkono wa kulia wa Adelina ulikuwa mkononi mwangu. Na wa kushoto ulikuwa mkononi mwa mume wake."

Agostinho akaanzisha tena wimbo. Naapa, akaimba.

Bi Pask alipandisha sauti kidogo tu. Alisema duara lilikuwa limefunga, wote wamo. Ndipo akapita bwana mkubwa, mwenye mashamba yote ya pale na nusu ya nyumba, ambaye alikuwa ameahidi kumpa huyu bwana kazi ya ukarani. Akasimama mbele yao akauliza, kwa upole tu, huyu mwanamke mweusi ni nani.

"Akauachia mkono wake," alisema Bi Pask. "Akamjibu, ni yaya wa mtoto. Halafu akasogea pembeni, akaenda kusimama karibu na mke wa bwana mkubwa. Pengo lilibaki pale aliposimama yeye. Adelina alikaa na mkono umenyooka mpaka wimbo ukaisha. Hakuuteremsha."

Gari la kijivu likazimwa injini.

Kazi ya ukarani aliipata, Bi Pask aliendelea, na kibanda pia. Na kwa kuwa kijiji kizima kilishaambiwa ni yaya, Adelina akawa yaya. Alilala jikoni. Mbele za watu alimwita mume wake bwana. Mtoto wake mwenyewe alimbeba kwa ruhusa.

Nimewahi kusimulia wezi katika ukurasa huu, nimesimulia na wauaji, na wengine niliwaonea huruma. Huyu simwonei.

Zelia aliuliza kwa sauti ndogo mama yake alikufa lini.

"Kwetu hakufa," alisema Bi Pask. Vuli ya mwaka ule Adelina alipelekwa hospitali ya mjini, kifua kweli kilimbana. Aliporudi, kibanda kilikuwa kitupu. Bwana alikuwa ameaga kijiji kwamba anahamia Australia na mtoto. Adelina alitafuta Australia miaka na miaka, akiuliza kwenye makanisa na kwenye vyama vya Wagoa. Hakuna aliyemwambia Toronto, mpaka mwezi wa kwanza mwaka huu ilipolia simu ya kanisa.

"Rafiki yako," Zelia alianza, akageuka kulitazama lile gari. Akaanza tena. "Huyo rafiki yako mwenye mpwa Dixon Road."

Mlango wa nyuma wa lile gari ukafunguliwa.

Alishuka mama wa miaka sitini hivi, mfupi, amevaa koti la kahawia na kilemba, akavuka barabara bila haraka, akipita kwenye maji ya theluji kama mtu aliyezoea baridi za aina zote. Hakuuliza njia. Alikwenda moja kwa moja kwenye mapipa ya taka, akaingia kwenye pengo, akageuka akatazama ukuta kama wengine.

Mkono wake wa kulia akaunyoosha kwa Zelia. Zelia aliushika kwa mikono yake yote miwili na kuuweka usoni, na mimi sitaongeza neno langu.

Wa kushoto akaunyoosha kwa Agostinho.

"Baba Zelia," alisema, kwa Kiswahili cha Tanga ambacho miaka ya Uingereza haikukigusa, "leo hakuna bwana mkubwa anayepita. Nishike."

Mkono ukabaki hewani. Watu wote walikuwa wakiutazama. Wenye akili za haraka walikuwa wameshaona pua ya Zelia na pua ya yule mama, na paji la uso, na namna zote mbili zilivyokunjika. Angeweza kuushika tu. Asingehitaji hata kuomba msamaha siku hiyo. Watu wa Parkdale wangelia tena, wangemsamehe kabla ya chai kupoa, kwa sababu ndivyo walivyo na kwa sababu funguo bado anazo.

Agostinho alitazama uso mmoja hadi mwingine, akamtazama Mervyn, akaitazama ile picha ya kanisa la Nether Pelling iliyokuwa imebandikwa dirishani. Akavuta koti lake likae sawa.

"Zelia," alisema, "usibabaishwe. Huyu alikuwa yaya wetu."

Na akarudi nyuma hatua moja.

Hatua ile ile. Hata Mervyn aliitambua. Mkono wa mwenyekiti ulimponyoka, na safari hii Mervyn hakuufuata. Alibaki akivitazama vidole vyake, kisha akavifuta kwenye suruali.

Minaz aliiacha nafasi yake kule kwenye kona, majirani zake wakasogea wakashikana. Alikuja kwa mwendo wa kawaida, akapita mbele ya Agostinho bila kumsukuma wala kumsalimu, akaushika mkono wa kushoto wa Adelina, na ule wake mwingine akampa Mervyn. Duara likafunga. Kwa mara ya kwanza tangu ukumbi ule ujengwe, likafunga lote, na mwenyekiti wa kamati akawa nje yake, nyuma ya migongo, kati ya watu na mapipa.

Hakuna aliyeimba. Mtu mmoja alimtuma mwanawe kwenye gari akalete sambusa.

Zelia alikuwa bado ameuganda mkono wa mama yake. Jambo la kwanza alilosema lilikuwa la kitoto kabisa, kama watu wasemavyo wakiwa wamezidiwa. Alisema basi tiketi atairudisha kesho. Kaburi halipo, alisema, huku akicheka na kulia, kaburi halipo, hakuna pa kuweka jiwe.

Adelina hakucheka. Alimtazama Bi Pask, naye Bi Pask akaitikia kwa kichwa.

"Usiirudishe, mwanangu," alisema Adelina. "Baba yako alidhani anakudanganya. Kaburi lipo, na ni palepale, mlango wa kusini. Tulichimba wawili, mimi na Winifred, maana yaya hakuwa na watu wa kumzikia."

Zelia akauliza kwa Kiswahili, na wote waliokuwepo walikuwa hawajawahi kumsikia akikitamka: "Nani amelala humo?"

Adelina alijibu polepole, na hakumjibu Zelia. Aligeuza shingo, akamtazama mtu aliyesimama nyuma ya migongo.

"Nilikuwa nimeficha tumbo chini ya aproni," alisema, "kwa sababu yaya akipata mimba kijiji kitauliza ni ya nani. Alikuwa wa kiume, Agostinho. Alizaliwa mmeshaondoka, akaishi mpaka Jumapili ya Mama ya mwaka uliofuata."

Agostinho akakaa chini kwenye theluji, juu ya koti lake la sufi. Na kwa jinsi uso wake ulivyokuwa, nawaambia ninyi mnaonisoma kila wiki, jambo hili moja hata yeye alikuwa halijui.